PC Kinyanjui: Mtu aliyelifungulia zimwi mlango

Kama wewe ni shabiki wa filamu za vampaya, sheria yao kubwa unaijua. Mnyonya damu ana nguvu za wanaume ishirini, anageuka popo, anageuka ukungu, lakini akifika mlangoni pako anakwama. Hawezi kuingia mpaka mtu wa ndani amkaribishe. Bram Stoker aliitia sheria hiyo kwenye Dracula, kitabu kilichotoka London mwaka 1897, na watunzi wengi wanaifuata hadi leo. Ndiyo maana katika hadithi hizo kuna mtu wa kuogopwa kuliko hata zimwi lenyewe: yule binadamu mwenzetu anayeshika kitasa.

Sasa sahau Transylvania. Mwaka huohuo wa 1897, kule Kabete, si mbali na inapopita Waiyaki Way leo, kulikuwa na ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Smith. Na kulikuwa na Mkikuyu mmoja ambaye mlango wa ngome hiyo ulikuwa wazi kwake. Jina lake unalijua hata kama hujui kwamba unalijua. Ukipanda matatu ya kupitia Naivasha Road, ukafika Riruta, utasikia kondakta akiita steji ya PC Kinyanjui, pale kwenye chuo cha ufundi. Wengi hudhani PC ni mkuu wa mkoa wa zamani. Hapana. Ni Paramount Chief, yaani chifu mkuu, na mwenyewe aliitwa Kinyanjui wa Gathirimu.

Hiki ndicho kisa chake. Popo hamna ndani yake. Damu ipo.

Kijana asiye na mbuzi

Kinyanjui alizaliwa katika miaka ya 1860, wakati ambapo Nairobi haikuwepo. Palikuwa na kinamasi, Wamaasai wakija kunywesha ng'ombe, na upande wa magharibi msitu ulioanzia Dagoretti kwenda juu, ambako Wakikuyu walikuwa wakifyeka na kulima.

Kitu kimoja ukielewe mapema, kwa sababu bila hicho maisha yake yote hayaeleweki: Wakikuyu hawakuwa na machifu. Mambo yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee, na kuingia humo kulitaka umri, mke, watoto na mbuzi wa kulipia kila daraja. Aliyekuwa na busara na ufasaha aliheshimiwa kama muthamaki, msemaji wa watu wake, lakini hakuna aliyempa bunduki wala askari wa kulazimisha wengine wamtii.

Ndani ya mpango huo Kinyanjui hakuwa mtu wa maana. Alikuwa mwindaji, hana mali, hana sauti. Wanahistoria waliofuatilia asili yake wanakubaliana kwamba kama mambo yangeendelea kama kawaida, kwa mbuzi aliokuwa nao asingefika mbali. Fikiria msee wa mtaani ambaye kila mlango anaobisha anaambiwa alete karatasi asizokuwa nazo. Huyo ndiye Kinyanjui kabla ya wageni kufika.

Na wageni walikuwa wametabiriwa. Mugo wa Kibiru, mwonaji mkubwa wa Wakikuyu, alikuwa amesema watakuja watu wenye rangi ya chura mdogo mweupe, wamebeba fimbo zinazotema moto, na baada yao atakuja nyoka wa chuma. Unabii huo tunapenda kuurudia kwa sababu ya yule nyoka, yaani reli. Lakini ulikuwa na sehemu ya pili tunayoisahau. Mugo aliwaonya vijana wasipigane na wageni hao, maana mikuki isingefua dafu. Wafanye urafiki nao. Ila wasiwalete karibu na maboma yao, kwa sababu wangeitamani ardhi na mwisho kuichukua.

Ona ujanja wa masharti hayo: shirikiana na zimwi, lakini liache nje ya mlango.

Watoto wa Kikuyu walikuwa wakisikia onyo kama hilo kila usiku katika hadithi za irimu. Irimu huja kwenye ngoma akiwa kijana mtanashati kuliko wote. Msichana anampenda, anamfuata kwao, na njiani tu, upepo unapopeperusha nywele, ndipo anapoona mdomo wa pili kisogoni. Mdomo wa mbele huongea maneno matamu. Wa nyuma ndio unaokula.

Damu ya kuchanjiana

Oktoba 1890 nahodha Frederick Lugard alifika Dagoretti akiwa na msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Alikuwa njiani kwenda Uganda na alihitaji kituo cha chakula. Mwenyeji wake alikuwa Waiyaki wa Hinga, muthamaki wa sehemu hizo, na wawili hao walifunga udugu wa kuchanjiana: damu ya huyu na damu ya yule. Kwa Wakikuyu hilo halikuwa jambo la mzaha. Aliyechanjiana nawe hawezi kukudhuru, nawe huwezi kumdhuru.

Lugard akajenga ngome ndogo, akaendelea na safari. Walioachwa nyuma walikuwa na njaa na bunduki, na hawakuchanjiana na mtu. Wapagazi na askari wa kampuni wakaanza kuchukua chakula shambani bila kulipa na kuwaandama wanawake. Wenyeji wakajibu. Mwaka 1891 ngome ya Dagoretti ikahamwa na kuchomwa. Kampuni ikarudi na nguvu zaidi na kujenga Fort Smith.

Agosti 1892 Waiyaki aliingia Fort Smith akiwa na hasira, kukatokea mapambano na mkuu wa ngome, Purkiss, na Waiyaki akazidiwa. Alifungwa minyororo usiku kucha, kisha akapelekwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi na kuzikwa hukohuko, mbali na watu wake. Wakikuyu wamesimuliana tangu siku hizo kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa chini.

Hapo ndipo njia mbili zilipogawana. Waiyaki alikuwa na kila kitu, akaamini kwamba zimwi litaheshimu damu lililochanja. Kinyanjui hakuwa na kitu, na zimwi lilikuwa sasa linatafuta mtu mwingine wa kushika kitasa.

Mtu wa ngome

Baada ya Waiyaki kuondolewa, mkuu wa Fort Smith kwa miaka kadhaa alikuwa Francis Hall. Hall alikuwa na tatizo rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Misafara ya kwenda na kutoka Uganda ilihitaji viazi vitamu, maharagwe, ndizi na mtama kwa mamia ya midomo, na yeye hakujua njia, hakujua lugha, hakujua nani adui wa nani.

Kinyanjui alijua. Akawa kiongozi wa njia, mjumbe, mtu wa kupeleka habari na kuleta habari. Ilipokuwa kijiji fulani kimewashambulia wapagazi au kimekataa kuuza chakula, Hall alitoka na askari wake kwenda kuadhibu. Aliyeonyesha njia ya kufika kwenye vijiji hivyo alikuwa mwenyeji. Nyumba zilichomwa, mbuzi na ng'ombe wakaswagwa, na walioandamana na askari walipata mgao.

Hiyo ndiyo ilikuwa dili. Mbuzi ambao kiama kingemdai Kinyanjui kwa miaka mingi, ngome ilimpa kwa misimu michache. Kwa mbuzi akaoa, kwa wake akapata watoto na mashamba, na kwa mashamba akapata wafuasi: watu maskini kama alivyokuwa yeye, waliokuja kujikinga chini ya mbawa zake.

Usiwe mwepesi wa kumhukumu, ndugu msomaji. Mwaka 1895 Uingereza iliichukua nchi rasmi kutoka kwa kampuni. Miaka miwili mitatu baadaye kukaja nzige, ukame, ugonjwa wa mifugo na ndui, vyote kwa mpigo. Njaa ya 1898 na 1899 iliua watu wengi sana kusini mwa nchi ya Wakikuyu. Wengine walirudi Murang'a na Nyeri kwa jamaa zao, na mashamba yao yakabaki yakiota magugu. Katika wakati kama huo, kuwa karibu na ngome yenye ghala la chakula kulikuwa tofauti ya kufa na kupona.

Lakini magugu hayohayo ndiyo walowezi waliyoyaona walipofika. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na nyuma yake wakaja watu wakitafuta mashamba. Wakatazama ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia njaa, wakasema haina mtu. Nyoka wa chuma alikuwa amefika, na wageni hawakuwa tena nje ya boma.

Mdomo wa pili

Hall alikufa mwaka 1901. Serikali ilihitaji utaratibu, na utaratibu wa Kiingereza ulihitaji machifu. Wakikuyu hawakuwa nao, basi wakatengenezewa. Kinyanjui akawa chifu, kisha chifu mkuu, boma lake likiwa upande wa Riruta na Dagoretti. Mwindaji asiye na mbuzi sasa aliamrisha wazee ambao zamani wasingempa hata kiti.

Alivaa joho la ngozi za kima na kofia ya utumbo wa kondoo kama mzee wa heshima, na kwa miaka mingi alisafiri kwa nyumbu. Baadaye alinunua gari kutoka kwa konseli wa Marekani mjini. Wakati ambapo Waafrika wengi wa Nairobi hawakuruhusiwa hata kutembea mjini usiku, mzee huyu alikuwa na gari lake.

Nyuma ya gari hilo mdomo wa pili ulikuwa unatafuna. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na chifu ndiye aliyehakikisha imelipwa. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa walowezi mashamba, na kusini mwa Kiambu, kwa watu wa Kinyanjui mwenyewe, ndiko ardhi nyingi ya Wakikuyu ilikochukuliwa. Wenyewe wakawa maskwota, wakifanya kazi kwa mzungu ili waruhusiwe kulima udongo wa babu zao.

Vilipokuja Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi lilitaka wapagazi wa kubeba mizigo kwenda kupigana na Wajerumani Tanganyika. Agizo lilishuka kwa machifu: toeni vijana. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilitamkwa na watu wa Nairobi mpaka likawa Kariokor, pale unapoenda kula nyama choma na kununua viondo.

Baada ya vita kikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akapigwa alama za vidole na kuning'iniziwa shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ya kazi yake. Mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara kwa theluthi. Na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba Waafrika wote wa koloni ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na wanaweza kuondolewa anapotaka. Isome tena hiyo. Baada ya miaka karibu 30 ya utumishi, mbele ya sheria chifu mkuu Kinyanjui alikuwa mpangaji sawa na skwota wake.

Mumiani mjini

Katika miaka hiyohiyo, Nairobi ilianza kuogopa wanyonya damu. Hapa sisemi kwa mafumbo. Tangu enzi za Vita Vikuu vya Kwanza, na zaidi miaka ya 1920, watu wa River Road, Pumwani na vijiji vya kandokando walisimuliana kwamba usiku kuna kikosi kinachokamata watu na kuwatoa damu. Pwani waliitwa mumiani, jina la dawa ya zamani iliyosemekana kutengenezwa kwa damu au maiti. Bara jina lililoshika lilikuwa wazimamoto.

Kwa nini wazimamoto? Fikiria ulivyoonekana mji ule kwa mtu aliyetoka kijijini. Kuna gari jekundu lisilofanana na lingine. Kuna wanaume waliovaa sare, wanalipwa mshahara kukaa tu, wanangoja moto ambao hauwaki kila siku. Kuna ndoo, mabomba na mashimo ya maji. Watu wakajiuliza wanangoja nini hasa. Ilisemekana mtu anashikwa njiani akienda peke yake, au kwenye nyumba ambayo mwenyeji amelipwa kumsaliti, anatumbukizwa shimoni, ananyonywa hadi anaisha, na damu inapelekwa hospitali kwa wazungu.

Hakuna aliyewahi kunyonywa hivyo. Ulikuwa uvumi, na uvumi wa aina hii ni hatari. Juni 1947 umati ulikishambulia kituo cha wazimamoto Mombasa kwa sababu yake, na kule Malawi mwaka 2017 watu waliuawa na wenzao kwa kushukiwa kuwa wanyonya damu. Ukisikia habari kama hiyo kwenye kikundi cha WhatsApp, usiisambaze.

Lakini mwanahistoria Luise White, aliyekusanya simulizi hizi Nairobi, Kampala na kwingineko na kuandika kitabu juu yake mwaka 2000, aliwasikiliza wasimulizi kwa makini badala ya kuwacheka. Na ukisikiliza hivyo, unaona jambo. Mzungu katika simulizi hizo mara nyingi yuko nyuma, kwenye giza, hatajwi hata jina. Anayekukamata shingo ni Mwafrika. Anaongea lugha yako. Amevaa sare, analipwa, na usiku anarudi kulala mtaani kwenu.

Watu waliokuwa wakitolewa jasho, ardhi na vijana wao kupitia kwa chifu, karani na askari weusi kama wao, walikuwa wamepata hadithi inayofanana kabisa na maisha yao. Hawakumwambia Kinyanjui kwamba ni mumiani. Hawakuhitaji kumtaja mtu.

Siku mji ulipochemka

Mwaka 1921 alitokea kijana aliyetaja watu kwa majina. Harry Thuku alikuwa mwendeshaji simu wa serikali, anajua kusoma, ana marafiki Wahindi na Waganda mjini, na hakuwa na mbuzi wa kupoteza. Akaanzisha chama na kuzunguka Kiambu na Murang'a akiwaambia watu kwamba kipande kirudishwe, na kwamba machifu wanawalazimisha wasichana na kina mama kufanya kazi kwenye barabara na mashamba ya kahawa.

Machifu wa Kiambu nao walikuwa na chama chao, Kikuyu Association, Kinyanjui akiwa mmoja wa vigogo wake. Si kwamba hawakuwa na malalamiko. Walilalamika kuhusu ardhi, kuhusu kodi, kuhusu mishahara, tena Juni 1921 walikutana na maofisa Dagoretti kuyatoa malalamiko hayo kwa adabu. Lakini Thuku alipoacha kulalamika na kuanza kudai, machifu walisimama upande wa serikali.

Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa nje ya kituo cha polisi, pale ambapo leo barabara ya Harry Thuku inapita kati ya Norfolk na Chuo Kikuu. Wanaume walipoanza kutawanyika, mwanamke aliyeitwa Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake juu ya mabega, tusi kubwa kuliko yote, akawaambia wanaume wampe suruali zao kwa kuwa wao ni waoga. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni zaidi ya hapo sana. Muthoni alikuwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa Kismayu kifungoni.

Waliofyatua risasi hizo walikuwa askari Waafrika.

Kinyanjui aliendelea kuwa chifu mkuu.

Ombi moja tu

Miongoni mwa wazungu waliomtembelea na kumwita alikuwa mwanamke wa Denmark, Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Nyumba yake ni makumbusho sasa. Pengine ulipelekwa huko na shule. Kwa miaka mingi, kukitokea kesi ngumu kati ya maskwota wa shamba lile, alimwita Kinyanjui kuja kuamua. Mzee alikuja, akaketi, akasikiliza. Blixen alimheshimu kwa kweli, na kitabu alichochapisha mwaka 1937 baada ya kurudi kwao ndicho kilichofanya jina la Kinyanjui lisomwe dunia nzima.

Kitabu hichohicho kinasimulia mwisho wake. Mwaka 1929 Kinyanjui alikwenda Umasaini kwa shughuli za ng'ombe, akaumia mguu, na kidonda kikaoza. Blixen aliitwa. Alimkuta mzee amelala kibandani, jamaa wakiwa wamemzunguka, harufu ya kidonda imejaa. Wamisheni wa Kiskochi walikuwa wametaka kumpeleka hospitalini kwao, naye akakataa. Alikuwa na ombi moja: Blixen ampeleke nyumbani kwake, afie huko.

Hebu lipime ombi hilo. Kwa karibu miaka 40 mtu huyu alikuwa amewafungulia wazungu kila mlango aliokuwa na uwezo wa kuufungua. Njia, vijiji, vijana, kodi. Sasa, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuwa nje akiomba kukaribishwa ndani.

Blixen alikataa. Anakiri mwenyewe, kwa aibu ambayo haikumtoka. Shamba lake lilikuwa linafilisika, alikuwa amechoka, na aliogopa kwamba mzee akifia kwake wazungu wenzake wangemlaumu. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu. Zimwi katika kisa hiki halikuwa mtu mmoja mwenye meno. Lilikuwa mpango mzima, na hata rafiki wa kweli ndani yake alijua mlango wake unafunguka kwa nani na haufunguki kwa nani.

Kinyanjui alipelekwa hospitali ya misheni, akafa usiku huohuo. Walimzika Kikristo, na Blixen aliyehudhuria aliona kwamba wamisheni ndio waliotawala mazishi, na wazee wa Kikuyu walisimama kando kama wageni kwenye msiba wao wenyewe. Misheni hiyo ya Waskochi ilikuwa imeanzia Kibwezi kabla ya kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Kibwezi, alikofia Waiyaki. Aliyepigana na zimwi na aliyeshirikiana nalo, wote wawili walifia mikononi mwa wengine.

Halikuli likakwisha

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi tunaitumia methali hiyo kama faraja: heri tatizo ulilolizoea. Lakini isikilize vizuri. Haisemi zimwi halitakula. Inasema litabakisha.

Kwa Kinyanjui lilibakisha mengi. Lilibakisha familia kubwa, mali, jina. Alitoka bila chochote na akafa tajiri, na vijana wengi wa wakati wake waliokuwa na haki zaidi kuliko yeye walifia njiani wakibeba mizigo. Usimwite mjinga. Alipiga hesabu zake, na kwa upande wake zikatoka sawa. Gharama ililipwa na wengine ambao hawakukaa mezani wakati dili inapangwa.

Je, kulikuwa na njia nyingine kwa mtu aliyekwisha kuingia ndani? Mtazame Koinange wa Mbiyu, chifu mwenzake wa Kiambu, aliyekuwa naye kwenye chama kilekile. Mwaka 1931 Koinange alikwenda London kudai ardhi ya Wakikuyu, na alipopuuzwa alizidi kusogea upande wa wapinzani wa serikali mpaka mwaka 1952 ikamkamata akiwa mzee. Alikaa kizuizini hadi karibu na kufa kwake mwaka 1960. Naye alikuwa ameshika kitasa. Aliamua kukiachia, na alijua bei yake. Kinyanjui hakuishi kuona miaka hiyo, kwa hiyo hatuwezi kumhukumu kwa mtihani ambao hakuufanya.

Leo ramani ya magharibi mwa Nairobi imewaweka wote pamoja bila ugomvi. Waiyaki ana barabara kuu, Thuku ana barabara fupi yenye historia ndefu, Blixen ana makumbusho, na Kinyanjui ana chuo ambako vijana wasio na mbuzi wanajifunza umeme, ujenzi na kompyuta ili wasihitaji kufunguliwa mlango na mtu.

Nawe utaletewa dili yako siku moja, kama hujaletewa tayari. Atakuja mtanashati, na mdomo wa mbele utaongea vizuri sana, na kitakachotolewa kitakuwa kitu unachokihitaji kwa dhati. Usiishie kuuliza utapata nini. Uliza ni nani watakaolipa, na kama wamo chumbani.